Takwimu za wabanguaji wadogo: chama kipime nini

Chama cha wafanyabiashara wadogo Mtwara kikitaka ushuru upunguzwe, kiende halmashauri na hesabu. Chagueni wabanguaji 20 wa korosho, wa mjini na vijijini, muwafuate kila wiki kwa miezi 2. Msiulize "unapata faida gani?" Wengi watakisia, wengine watahofia kodi. Ulizeni ya jana: kilo ghafi alizobangua, nzima na vipande alivyopata, kuni, vibarua, ushuru. Pimeni kwa mizani, kwani ndoo hazilingani. Kilo 1 ya korosho safi hutokana na takriban kilo 4 hadi 5 ghafi; ikionekana 2, rudieni kupima. Majina yasiandikwe, tumieni namba. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo ukurasa mmoja wa matokeo ufike kabla ya Desemba, Mei mmeshachelewa.