Foda haifunguki kwa mtandao? Jaribu namba kwanza

Wenye saiba na ofisi ndogo hapa Kisumu, kompyuta ya kaunta ikikataa kufungua foda ya mashine ingine usikimbilie kupiga Windows upya. Enda kwa hiyo yenye foda, fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ipconfig uone IPv4 yake, yaani namba yake kwa mtandao, tuseme 192.168.1.10, halafu urudi kaunta ubonyeze Windows na R uandike \\192.168.1.10. Ikifunguka basi kebo iko sawa na sharing iko sawa, shida ni jina tu, kwa hivyo kwa cmd ya kaunta piga ipconfig /flushdns na uhakikishe hakuna mashine mbili zenye jina moja. Kama jina linakubali ukiliandika lakini halionekani kwa Network, kwa mashine yenye foda washa service ya Function Discovery Resource Publication uiweke Automatic.

Namba nayo ikikataa, cheki kama mtandao umewekwa Public, hapo fayawoli hufunga poti 445 ambayo mafaili hupitia, weka Private.

Na tafadhali msirudishe SMB1, ile njia ya zamani ya Windows ya kushare mafaili, vile wengi wanashauri, WannaCry, programu mbaya iliyofunga mafaili ya watu na kudai pesa, ilipitia hapo 2017, na mafaili ya wateja ni amana.