Kuonja mvinyo mwekundu Langhe: Barolo iwe ya mwisho

Wageni wanaonijia Torino hutaka niwapeleke moja kwa moja kwenye Barolo, mvinyo mwekundu maarufu wa Langhe, kwa kuwa ndilo jina walilolisikia. Huwa nawakatalia. Ukianza na Barolo, ulimi unakaza mapema, mvinyo wowote unaofuata unaonekana mwepesi, na unaondoka Langhe ukiwa umeonja jina. Mimi ni mpishi: sahani nzito haiwekwi mezani kabla ya nyepesi, na mvinyo nao una zamu zake.

Langhe ni vilima vilivyo kusini mwa Torino, mkoani Piemonte, Italia, karibu na mji wa Alba. Mwaka 2014 UNESCO iliviingiza, pamoja na vile vya jirani vya Roero na Monferrato, kwenye orodha ya urithi wa dunia kwa sababu ya mashamba yake ya mizabibu. Zabibu nyekundu za kuzijua ni tatu: Dolcetto, Barbera na Nebbiolo. Familia nyingi za wakulima hulima zote tatu. Nebbiolo hupewa miteremko inayotazama kusini, yenye jua zaidi, kwa kuwa inachelewa kuiva. Dolcetto hutosheka na sehemu zenye baridi kidogo na huvunwa mapema. Kwa hiyo nyumba moja ya mkulima inatosha kukufundisha zote, tena kwa mkono wa mtengenezaji mmoja, na hapo tofauti unayoisikia mdomoni ni ya zabibu yenyewe.

Panga safari kabla. Mashamba haya ni makazi ya watu, si maduka, kwa hiyo andika barua pepe siku kadhaa mapema, taja idadi yenu na saa mtakayofika, na mfike saa hiyo. Saa za chakula cha mchana usibishe hodi. Jumapili wengi hufunga, na katikati ya Agosti, siku za Ferragosto, sikukuu ya Waitalia ya kiangazi, milango mingi imefungwa. Septemba na Oktoba ni mavuno: vilima vinapendeza sana, ila mwenyeji wako yuko shambani tangu alfajiri. Oktoba na Novemba Alba hujaa watu wanaofuata tartufo nyeupe, ule uyoga wa chini ya ardhi unaonuka kuliko unavyoonekana, na vyumba hupanda bei. Mimi napenda mwisho wa Novemba, ukungu ukiwa mabondeni na kazi ya shamba imepungua, maana mkulima huwa na muda wa kukaa na kuzungumza.

Ziara mbili kwa siku zinatosha. Ya tatu mdomo hauipokei tena. Na dereva asiwe muonjaji: sheria ya Italia inamwekea dereva kikomo cha gramu 0.5 za alkoholi kwa lita ya damu, na ambaye leseni yake haijatimiza miaka mitatu haruhusiwi hata chembe. Barabara za vilimani ni nyembamba na zimejaa kona. Kama nyote mnataka kuonja, lala Alba, kunakofikika kwa treni kutoka Torino, kisha kodisha teksi.

Sasa glasi. Asubuhi hiyo usijipulizie manukato. Harufu yako itafunika ya mvinyo, na ya jirani yako pia. Kila glasi iinamishe juu ya karatasi nyeupe na utazame rangi kwanza. Inuse kabla hujaitikisa, kisha izungushe taratibu na uinuse tena. Harufu ya pili mara nyingi ni nyingine kabisa. Piga funda dogo, lizungushe mdomoni hadi kwenye fizi, halafu teme. Ndiyo, teme. Mezani pana chombo cha kutemea, na anayekitumia huheshimiwa kwa kuwa ameonyesha kwamba amekuja kusikiliza. Usipokiona, uliza: “Posso sputare?” yaani naweza kutema? Na wakikumiminia mwingi, sema: “Un goccio, grazie,” yaani tone tu.

Anza na Dolcetto. Rangi yake ni zambarau iliyokolea hadi unadhani utakuwa mkali sana, kumbe uchachu wake ni mdogo na matunda yamejaa, na mwishoni unabaki uchungu kidogo unaofanana na wa lozi. Huu ndio mvinyo wa mezani wa siku za kawaida vilimani huku, na ukimwomba mkulima Dolcetto yake utaona uso unavyochangamka, maana wageni huwa hawaiulizii. Ifuate Barbera. Nayo ni nyeusi, lakini utasikia mate yakijaa pembeni mwa ulimi: huo ni uchachu. Ukakasi karibu hauna. Ndiyo maana inakwenda vizuri na chakula chenye mafuta.

Halafu Nebbiolo, ukianzia na ile inayoitwa Langhe Nebbiolo, changa na nafuu. Hapa macho yatakudanganya. Rangi ni hafifu, unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi, na ukingoni umeanza kuelekea rangi ya matofali. Unatarajia wepesi. Kinachokuja ni ukakasi ulio mkubwa kuliko wa zile mbili nyeusi, unaokausha fizi na kuvuta mashavu ndani, na juu yake harufu ya waridi. Tulia hapo, usikimbilie glasi nyingine. Watu wengi husema “ni mkali” wakaishia hapo, ilhali uchachu na ukakasi ni vitu viwili: uchachu huleta mate, ukakasi huyakausha. Ukishaweza kuvitenganisha mdomoni, umepata ufunguo wa mvinyo wote mwekundu wa Piemonte.

Ndipo Barolo. Ni Nebbiolo tupu, na sheria inaitaka ikae angalau miezi 38 kuanzia Novemba mosi ya mwaka wa mavuno, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao. Ikiandikwa Riserva, ni miezi 62. Muulize mwenyeji anatumia pipa gani. Pipa kubwa la kale, botte, halitii mvinyo ladha ya mbao; pipa dogo la lita 225, barrique, likiwa jipya, huutia harufu ya vanila na moshi. Suala hili liliwagombanisha watu wa Langhe miaka ya 1980 na 1990, hata baba na mwana ndani ya nyumba moja. Mimi niko upande wa botte, kwa sababu vanila hunifichia waridi niliyoifuata.

Kama una siku moja tu ya kujifunza kitu kimoja kuhusu Barolo, jifunze hiki. Nenda kwenye enoteca ya umma, yaani mahali pa kuonjea na kununulia mvinyo, kwa mfano ile ya mkoa iliyomo ndani ya kasri la kijiji cha Barolo, uombe glasi mbili za mwaka mmoja: moja ya La Morra, moja ya Serralunga d'Alba. Zabibu ni ileile, sheria ileile, na vijiji vinaonana kutoka kilimani. Lakini udongo wa Serralunga ni mkongwe zaidi na una mawe ya mchanga, na mvinyo wake ni mgumu, wenye ukakasi unaotaka miaka mingi. Wa La Morra hufunguka mapema na kunukia. Kati ya glasi hizo kula grissini, vijiti vyembamba vya mkate, na maji. Jibini iwekwe baadaye, kwa kuwa mafuta yake hulainisha ukakasi na kukuficha tofauti.

Mwenye kupenda Nebbiolo lakini anaona Barolo inamlemea, apande kijiji cha Barbaresco, kilomita chache kutoka Alba. Huko mvinyo hukaa angalau miezi 26, tisa ndani ya mbao. Enoteca yao imo ndani ya kanisa la zamani la San Donato, na kijijini hapo kuna ushirika, Produttori del Barbaresco, ulioanzishwa mwaka 1958 na padri pamoja na wakulima 19 ili wasiendelee kuuza zabibu zao kwa bei ya kutupa. Mvinyo wao ni wa kiwango cha juu na bei yake ni ya haki.

Baada ya kuonja, nunua. Si sharti, hasa pale ulipolipia kuonja, ila chupa moja au mbili ni adabu, na bei ya shambani kwa kawaida ni nzuri. Chukua Dolcetto ya kunywa mwaka huu na Barbera ya mlo wa Jumapili. Barolo ilaze ubavu mahali penye giza na ubaridi, kizibo kisikauke. Ya La Morra ipe miaka minane au kumi tangu mavuno, ya Serralunga ipe zaidi. Siku ya kuifungua, ifungue muda wa saa mbili kabla ya chakula.