Biblia ya bibi: picha kwanza, selotepu kamwe

Kama kwenu kuna Biblia ya zamani ya babu au bibi, ifungue leo uangalie kurasa tupu za mwanzoni, za mwishoni, na pale kati ya Malaki na Mathayo. Wazee wengi waliandika humo tarehe za kuzaliwa, ubatizo, ndoa na misiba, na huenda majina hayo hayapo kwenye cheti chochote.

Piga picha kwa simu mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Usiruke ukurasa wenye mwaka wa kuchapwa, maana ndio shahidi mkuu. Kwa mfano, Biblia ya Union Version, ile tafsiri ya Kiswahili, ilitoka mwaka 1952. Ukikuta humo mtoto aliyezaliwa 1938, jua mwandishi alikuwa anakumbuka au ananakili, kwa hiyo ihakikishe tarehe hiyo kwenye daftari la ubatizo kanisani. Wino na mwandiko vikibadilika mstari kwa mstari, ni dalili njema: kila tukio liliandikwa lilipotokea.

Nawasihi, ukurasa uliochanika msiubandike selotepu. Gundi yake hugeuka njano na kuharibu maandishi. Barua au kadi iliyomo ndani, kabla ya kuitoa andika kwenye karatasi nyingine ilikuwa ukurasa gani. Kisha ifunge Biblia kwa kitambaa safi cha pamba, uilaze kabatini, mbali na mchwa na ukuta wenye unyevu.

Picha watumie ndugu wawili watatu, halafu kaa na mzee aliyebaki akwambie huyo “Mama Eliza” wa mstari wa tatu ni nani.