Somo: Sindano za akupancha (tiba ya Kichina ya kudunga sindano nyembamba) kwa choo kilichofunga muda mrefu

Tunazungumzia choo kilichofunga kwa miezi 3 au zaidi, si siku mbili za safari: chini ya mara 3 kwa wiki, kigumu, cha kukamua, na ukitoka msalani bado wahisi hakikuisha.

Hospitali kwanza ukiona damu, ukikonda bila sababu, au tatizo likianza baada ya miaka 50. Tumbo lililovimba, linalotapisha na lisilotoa hata upepo ni dharura. Tazama dawa zako pia. Vidonge vya madini ya chuma, kodeini na verapamili ya presha hufunga choo, na sindano haitashinda kidonge unachomeza kila siku.

1. Kula chakula chepesi saa 1 au 2 kabla, na unywe maji. Mwenye njaa na kiu, kwa joto letu la Mombasa, huzirai upesi. Maliza haja ndogo, kisha lala chali, mto chini ya magoti ili misuli ya tumbo ilegee.

2. Kutafuta nukta, yaani sehemu za kudungwa. Kipimo ni cun, upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe. Mtabibu akipima kwa vidole vyake, mgonjwa mnene au mtu mfupi atadungwa pasipo. Vidole vinne vilivyobanwa ni cun 3.
Tianshu: cun 2 kando ya kitovu, kila upande.
Fujie: cun 4 kando, cun 1.3 chini ya usawa wa kitovu.
Shangjuxu: cun 6 chini ya kishimo cha nje cha goti, upana wa kidole kimoja nje ya ukingo wa muundi.

3. Sindano ni ya mara moja, na pakiti ifunguliwe mbele yako. Tumboni husukumwa polepole, wima, mpaka ifike kwenye misuli. Urefu hutegemea mafuta ya tumbo: mwembamba akipigwa sindano ya mnene, utumbo unaweza kutobolewa. Kwa hiyo usijidunge nyumbani kabisa. Ukihisi uzito au maumivu mazito yasiyochoma, imefika. Ukihisi mchomo mkali, sema.

4. Waya za umeme mdogo huunganishwa kwenye sindano za tumbo kwa dakika 30. Misuli icheze, isiume. Usijigeuze, sindano itapinda. Mwenye kifaa cha moyo asiwekewe umeme.

5. Hesabu: mara 5 kwa wiki kwa wiki 2, kisha mara 3 kwa wiki kwa wiki 6, jumla 28. Ndiyo iliyotumika katika utafiti wa China wa watu 1,075, uliochapishwa 2016. Kati ya kila 100, takriban 31 walifika choo kamili mara 3 kwa wiki, dhidi ya 12 kati ya kila 100 wa kundi la kulinganisha, waliodungwa juujuu tu. Nafuu iliendelea wiki 12 baada ya kumaliza. Wengi hawakufika hapo, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajalipa.

MASWALI (kutoka mitaa ya Mombasa)

Likoni: Nimeshaenda mara nne, sioni kitu. Niache?
Jibu: Mapema mno. Andika kila choo kwenye daftari, tarehe na ugumu wake, kisha pima wiki ya nne.

Majengo: Naweza kunywa sanamaki huku nikidungwa?
Jibu: Usiku ule uliobanwa sana, sawa, lakini iandike. Ukiinywa kila siku hutajua kilichokusaidia ni kipi, na kuharisha kwa muda mrefu hupunguza potasiamu mwilini.

Kisauni: Natafuna muguka jioni. Yahusu?
Jibu: Yahusu sana. Hupunguza mwendo wa utumbo na hukata hamu ya chakula. Punguza kwanza.

Mji wa Kale: Mwezi wa Ramadhani je?
Jibu: Panga baada ya futari, si mchana ukiwa na njaa. Hukumu ya saumu muulize sheikh wako.

Changamwe: Mke wangu ni mjamzito.
Jibu: Asidungwe tumboni wala asiwekewe umeme. Aende kliniki ya wajawazito. Papai bivu, maji, na kigoda cha kuinulia miguu chooni havimdhuru.