Blowa ya gari la mazulia: mkanda au kapulingi?

Ndani ya gari la kusafishia mazulia injini moja inagombaniwa na wawili: blowa inayofyonza maji machafu, na pampu inayosukuma maji safi. Kwa pampu hakuna ubishi, ni mkanda, kwa sababu inataka mzunguko mdogo kuliko wa injini. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika na kibati cha pampu kikasema 1,000, weka puli ya mm 100 kwenye injini na ya mm 300 kwenye pampu. Ubishi uko kwenye blowa.

Kapulingi inaunga shafti na shafti uso kwa uso, kwa hiyo blowa inakwenda kasi ile ile ya injini. Haitelezi, haina cha kukazwa, haivuti beringi pembeni. Mkanda unakupa uhuru wa kuchagua kasi, lakini unalegea na unavuta shafti upande mmoja mchana kutwa. Kwa mizani hiyo kapulingi ingeshinda, lau si chumvi ya hewa yetu ya visiwani Zanzibar. Blowa iliyolala siku kadhaa na unyevu tumboni huota kutu ikakamata. Ikikamata, mkanda hupiga yowe, hutoa moshi, hukatika, ukanunua mwingine. Penye kapulingi, ukibahatika inachanika raba tu, ile inayokaa kati ya vipande vyake viwili. Usipobahatika inakatika kii, yaani kipande cha chuma kinachoifunga kapulingi kwenye shafti, au shafti yenyewe.

Tena mkanda wa B, ule wa upana wa mm 17, ndio huo huo wa mashine nyingi za kusagia nafaka. Nenda dukani na namba ya mgongoni: B52 maana yake inchi 52 kwa ndani. Raba ya kapulingi huenda ukaisubiri boti kutoka Dar es Salaam. Basi injini na blowa zikiwa juu ya fremu moja nzito, baki na kapulingi na uweke raba ya akiba garini. Zikiwa zimefungwa mbalimbali kwenye sakafu ya gari, weka mkanda.

Kabla ya kugusa chochote, zima injini na uchomoe waya wa betri.

Kufunga mkanda

1. Tazama njia za puli. Kutu ya chumvi inakula mkanda kama msasa. Isugue mpaka chuma kiwe laini. Mkanda mpya ukigusa chini ya njia, puli imekwisha. Mkanda hushika kwa mbavu zake, si kwa tumbo.
2. Laza rula ndefu ya chuma kwenye nyuso za puli zote mbili. Iguse sehemu nne bila mwanga kupenya.
3. Legeza injini ndipo uvishe mkanda. Usiuchokonoe kwa bisibisi, nyuzi za ndani hukatika na huzioni.
4. Kaza, kisha bonyeza katikati. Uzame kama mm 16 kwa kila mita ya nafasi kati ya puli. Nafasi ya mm 400 ni kama mm 6. Rudia kukaza baada ya siku ya kwanza ya kazi.

Mikanda ikiwa miwili, badilisha yote pamoja. Mpya na mkuukuu hawavuti sawa.

Kufunga kapulingi

Hapa kazi ni moja: kunyoosha. Weka rula juu ya vipande viwili vya kapulingi, juu na ubavuni, upime upenyo kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kapulingi nyingi za meno huvumilia kama mm 0.4 za kupishana. Wewe tafuta nusu yake. Kisha pima nafasi kati ya vipande sehemu nne, huku ukizungusha shafti zote mbili pamoja. Kaza bolti, upime tena, kwani kukaza kwenyewe husogeza.

Maswali

*Asalaam aleikum fundi. Raba inasagika kila mwezi, unga mweusi umejaa chini. Nimebadilisha mara tatu. (Wete)*

Waaleikumu salaam ndugu yangu. Raba haina kosa. Legeza bolti za blowa moja moja. Mguu utakaoinuka haukukaa sawa, tia kipande cha bati chini yake. Tazama pia kama injini imekalia raba na blowa imekalia chuma kitupu: hapo injini inacheza na blowa haichezi. Na kama ekzosi iko karibu, raba ya poliurethani hulainika ikipita nyuzi joto 70 hivi. Ya naitrili hufika 100.

*Shikamoo fundi. Mkanda unalia asubuhi tu, tunaupaka grisi unanyamaza. (Paje)*

Marahaba. Grisi inaulainisha mpira na kesho utateleza zaidi. Futa puli, kaza mkanda, na kila jioni puliza oili nyepesi kwenye blowa kabla ya kuzima. Huenda mkanda unalia asubuhi kwa sababu blowa ni nzito kuzunguka.

*Tumetoa kapulingi tukaweka mkanda. Injini nzima, blowa nzima, lakini bomba linapuliza badala ya kufyonza!*

Mmegeuza mzunguko. Kwa kapulingi shafti zilitazamana. Kwa mkanda mmezilaza ubavu kwa ubavu, zote zinatazama upande mmoja, kwa hiyo blowa inazunguka kinyume. Igeuzeni blowa shafti itazame upande wa pili, au hamisheni mabomba ya kuingizia na kutolea pamoja na valvu ya usalama. Na msome kitabu cha blowa kama shafti yake inaruhusiwa kuvutwa pembeni, maana si zote.