Ukihamia Lahore kutoka Arusha au Moshi: simu, nyumba, gesi na hewa

Kwa anayetoka Arusha au Moshi kwenda kukaa Pakistan, awe mwanafunzi, mfanyabiashara au mtu wa tabligh anayeelekea Raiwind, kituo chao karibu na Lahore, ushauri wa nyumbani huwa wa chakula na mavazi. Hayo mtu huyazoea ndani ya wiki chache. Yanayomtesa mgeni ni simu inayofungwa ghafla, bili ya umeme ya Julai, gesi ya majira ya baridi na hewa ya Novemba. Mwongozo huu ni wa atakayekaa miezi sita au zaidi. Mji wa mfano ni Lahore. Pale Karachi inapotofautiana nayo tumesema.

Kabla ya kwenda KIA

Viza huombwa mtandaoni kwenye mfumo wa serikali ya Pakistan na kibali hutumwa kwa barua pepe. Kichapishe, kisha toa nakala kadhaa za kibali hicho pamoja na ukurasa wa picha wa pasipoti, kwa sababu utaziacha kwenye kampuni ya simu, kwa mwenye nyumba, polisi na chuoni. Nakala moja ikae mfukoni kila siku. Vizuizi vya polisi barabarani ni vya kawaida.

Beba kadi ya manjano ya chanjo. Polio ni jambo jingine: Pakistan na Afghanistan ndizo nchi mbili ambako virusi vya asili vya polio havijaisha, na aliyekaa huko zaidi ya wiki 4 anaweza kudaiwa cheti anapotoka, chanjo ikiwa imetolewa kati ya wiki 4 na miezi 12 kabla ya safari. Ulizia mapema hospitali ya mkoa, Mount Meru au Mawenzi. Ulizia na chanjo ya taifodi, maana tangu 2016 kuna taifodi sugu iliyoanzia Hyderabad, jimboni Sindh, isiyosikia dawa nyingi za kawaida.

Soketi nyingi kule ni za matundu ya duara, hivyo plagi yetu ya miguu mitatu bapa haiingii. Umeme wenyewe ni ule ule wa volti 230. Nunua adapta moja nzuri na ubebe ekstensheni ya nyumbani. Hapo vifaa vyako vyote vinapata pa kuchomeka.

Nguo za baridi usizidharau. Juni na Julai, Arusha ikivaa masweta, joto la Lahore hupita nyuzi 40. Desemba na Januari mambo hugeuka: usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 5, na nyumba zimejengwa kukabili joto, saruji tupu na dari juu, kwa hiyo ndani huwa baridi kuliko nje kwenye jua. Jaketi zito na masweta mawili kutoka soko la Kilombero au la Memorial yatakutosha kuanzia. Yakipungua, Landa Bazaar karibu na stesheni ya reli ya Lahore ni soko la mitumba, na macho yako ya kuchagua yatakufaa huko pia. Anayekwenda Karachi apunguze: mji ule uko pwani, jasho lake ni kama la Dar es Salaam na baridi yake ni ya siku chache.

Simu

Hili ndilo linalowakamata wengi. Simu iliyoingia kutoka nje ikiwekwa laini ya Pakistan huanza kuhesabiwa siku 60. Zikiisha bila kodi kulipwa, namba ya utambulisho ya simu hufungwa na hakuna laini ya nchini itakayofanya kazi ndani yake. Kubadilisha laini hakusaidii, maana kilichofungwa ni simu. Waifai inaendelea kufanya kazi, ndiyo maana wengine hawaelewi kilichotokea.

Mgeni anaweza kusajili simu yake kwa muda, bila malipo, hadi siku 120 kwa kila safari, kwenye tovuti ya mamlaka ya mawasiliano, PTA. Piga *#06# upate namba ya utambulisho ya simu. Simu ya laini mbili ina namba mbili. Sajili zote, la sivyo upande mmoja utazimika.

Kwa anayekaa zaidi ya hapo, kodi ya simu ya bei ni kubwa mno. Njia nafuu ni kununua kule simu ya bei ndogo iliyokwisha kuidhinishwa, kuweka laini ya Pakistan humo na kuwasha hotspoti, huku simu yako nzuri ikipata intaneti kutoka kwayo. Kabla ya kulipa dukani, tuma namba ya utambulisho ya simu hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 8484; jibu litakuambia kama imeidhinishwa. Usikubali maneno ya muuzaji peke yake.

Laini inunue kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, Jazz, Zong, Ufone au Telenor, ukiwa na pasipoti na viza, nawe utaweka alama ya kidole. Laini ya kibandani iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni mali ya mtu huyo: akiifunga umepoteza namba, akiitumia vibaya wewe ndiye unayepatikana nayo.

Laini yako ya Tanzania usiiache ife. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka, iweke kwenye simu yako nzuri na uiongeze salio mara kwa mara. Kufungwa kule ni kwa laini za Pakistan tu, hivyo ujumbe wa benki na wa M-Pesa utaendelea kuingia. Bila huo huwezi kugusa fedha zako za nyumbani.

Nyumba

Madalali wa Lahore hupima nyumba kwa marla. Marla moja ni mita za mraba kati ya 21 na 25 kutegemea mtaa, na marla 20 ni kanal moja. Mgeni wa kawaida atapata ghorofa moja ya nyumba ya marla 5 au 10, mwenye nyumba akikaa nyingine. Mahesabu makubwa huenda kwa laki, ile ile yetu ya 100,000.

Kijana asiye na familia atakataliwa mara nyingi. Mitaa mingi huandika wazi kwamba ni ya familia tu, na hilo wanaambiwa hata Wapakistani wenyewe. Usipoteze wiki ukibishana. Tafuta hosteli ya wanafunzi, au ungana na wenzako kwenye majengo yanayopokea wapangaji wa aina yenu. Mkataba wa kawaida ni wa miezi 11, na amana huwa ya kodi ya miezi miwili au mitatu. Andikisheni kwenye mkataba hali ya kila kitu kilichomo, hadi ufa wa kioo, na upige picha, kwa sababu amana hupotelea hapo. Mpangaji mgeni lazima taarifa zake zipelekwe kituo cha polisi. Mwenye nyumba asiyetaka kufanya hivyo mwache, kwani msako ukipita mwenye kuulizwa ni wewe.

Sasa umeme. Kule hakuna LUKU ya kukuzoesha kuona uniti zikipungua. Bili huja mwisho wa mwezi, na bei ya uniti hupanda kadiri unavyotumia. Mteja anayebaki chini ya uniti 200 kwa miezi sita mfululizo hulipa bei ya unafuu, na akivuka mara moja tu unafuu huo unamtoka. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba omba bili ya karibuni ya nyumba hiyo. Imechapishwa uniti za miezi 12 iliyopita, na hapo utaona Juni na Julai zilikuwaje. Uliza pia kama mita ni yako peke yako. Mita ya kuchangia na familia yenye viyoyozi viwili itakumaliza.

Umeme hukatwa kwa zamu, hasa wakati wa joto. Nyumba nzuri ina inveta na betri za kuendesha feni na taa, kiyoyozi hakimo. Uliza betri zina umri gani, maana zilizochoka hukata baada ya dakika chache. Uliza na pampu ya maji: maji hupandishwa kwenye tangi la juu kwa mota, na umeme ukikatika tangi likiwa tupu hakuna kuoga. Jazeni usiku. Maji ya bomba usinywe. Nunua madumu ya lita 19 yanayoletwa mlangoni, au chemsha.

Gesi

Nyumba nyingi za Lahore zina gesi ya bomba, ya kupikia, ya kuchemshia maji na ya heta ya chumbani. Wakati wa baridi haitoshi, hivyo hutolewa saa za kupika na kufungwa usiku. Hapo ndipo watu wanapokufa. Mtu analala heta ikiwaka, gesi inakatwa, moto unazimika, kisha alfajiri gesi inarudi bila moto na kujaa chumbani. Kufunga kitufe cha heta peke yake hakutoshi kwa sababu vingi vimelegea. Funga valvu ya ukutani, kila usiku, hata kama gesi imeshakatika. Hasa ikiwa imeshakatika.

Hatari ya pili tunaifahamu tangu nyumbani: jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa. Heta ya gesi inayowaka kwenye chumba kisicho na pa kupitisha hewa hutoa hewa ile ile yenye sumu isiyo na harufu. Acha dirisha wazi kwa upana wa vidole viwili. Chombo cha kuchemshia maji kikiwa kimefungwa ndani ya bafu, kataa nyumba au kihamishiwe nje. Kichwa kikiuma, ukahisi kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida karibu na heta, toka nje kwanza; kufikiri utafikiri ukiwa nje.

Watu huweka mtungi wa gesi kwa akiba. Paka maji ya sabuni kwenye mpira na maungio. Povu likivimba, kuna tundu. Kumbuka pia kwamba gesi ya bomba ni nyepesi kuliko hewa, inapanda juu, ilhali ya mtungi ni nzito na hutambaa sakafuni. Ukinusa ya bomba fungua madirisha ya juu, ukinusa ya mtungi fungua mlango. Kwa zote mbili usiguse swichi ya taa, iwe ya kuwasha au ya kuzima.

Hewa

Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Januari Lahore hufunikwa na moshi mzito unaochanganyika na ukungu. Magari, viwanda, tanuri za matofali na mabua yanayochomwa mashambani huutoa, na hewa baridi iliyotulia huuzuia kupanda. Novemba 2024 kipimo cha uchafu wa hewa kilipita 1,000 mjini humo, wakati kinachozidi 300 tayari ni hatari kwa kila mtu, na shule zikafungwa. Mtu aliyekulia chini ya Meru au Kilimanjaro atalisikia hilo kifuani.

Barakoa ya kitambaa huzuia kidogo sana hapo. Tafuta za N95 zinazobana usoni, na ununue Septemba kabla bei haijapanda. Weka programu ya kipimo cha hewa kwenye simu na uitazame kabla ya kufungua dirisha, kwa kawaida mchana ni afadhali kuliko alfajiri. Mwenye pumu abebe dawa zake za kuvuta pamoja na cheti cha daktari. Kama una uhuru wa kuchagua mwezi wa kuhamia, chagua Februari au Machi.

Siku kwa siku

Saa zao zinatangulia zetu kwa mbili. Masoko huamka kwa kuchelewa, yapata saa tano asubuhi ya huko, na hufungwa usiku mnene. Anayezoea kuwahi Soko Kuu alfajiri atakuta milango imefungwa. Ijumaa mchana maduka husimama kwa sala. Mwezi wa Ramadhani sheria ya 1981 inamkataza anayepaswa kufunga kwa mujibu wa Uislamu kula hadharani saa za mfungo; hata kama hufungi, kula nyumbani kwako. Pombe usiipakie kabisa.

Barabarani gari hupita kushoto kama kwetu. inDrive na Yango huita gari, Bykea huita pikipiki, na bajaji ya njiani mpatane kabla hujaketi. Basi la Metrobus na treni ya Orange Line, iliyoanza 2020, hupita foleni zote kwa nauli ndogo. Kwenye mabasi wanawake hukaa mbele. Mwanamume asikae huko hata kama kuna nafasi. Mwanamke usimpe mkono mpaka aanze yeye.

Unga wa mahindi upo, wa manjano na mkavu kidogo, mwingi wakati wa baridi kwa sababu Wapunjabi huupikia mikate. Ununue mahali wanaposagia, maana wa dukani uliokaa hadi kiangazi huwa na uchungu. Acha uji uchemke mrefu kuliko ulivyozoea, kama dakika 10, kabla ya kusonga. Maharage mekundu na mahindi makavu vipo, kwa hiyo makande hayana shida. Mtori ndio utakaoukosa. Maziwa mengi ni ya nyati wa kufugwa, mazito, hupimwa kwa kilo. Yachemshe siku hiyo hiyo.

Ukipata homa kati ya Agosti na Novemba, usijipe dawa ya malaria kwa mazoea. Msimu huo ni wa dengi. Meza parasetamoli tu, epuka asprini na ibuprofeni kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu, na upime damu siku hiyo hiyo. Tumbo likiuma sana, fizi zikitoka damu au ukitapika bila kukoma, nenda hospitali hata kama homa imeshashuka, maana dengi huwa mbaya zaidi homa inapopoa. Namba ya dharura Punjab ni 1122, gari la wagonjwa la Edhi ni 115, na polisi ni 15.