Anza na leseni: jinsi ya kufuatilia mkono wa chama kati ya uhalifu na biashara za jiji

Wengi wanaoniuliza namna ya kuchunguza chama kinavyoshikana na magenge na matajiri wa jiji huanza kwa kumsaka mhalifu. Wanataka picha ya diwani akipokea bahasha. Nawaambia waiache bahasha, waende kwenye dirisha la leseni. Chama kinachoshika jiji hakina haja ya kumlipa mhalifu. Kinampa kitu kikubwa zaidi, nacho ni kuachwa. Kuachwa huko huacha alama kwenye karatasi: nani alikaguliwa, nani hakuguswa, nani alifungiwa Ijumaa akafunguliwa Jumatatu.

Chukua mtaa mmoja tu. Chagua wenye baa, nyumba za wageni, kamari au maegesho, mahali ambapo biashara haiishi bila kibali na masharti ni mengi mno hata kila mtu anavunja angalau moja. Huko ndiko sheria hugeuka rungu, na mwenye rungu huchagua wa kupiga. Tengeneza jedwali: jina la biashara, mwenye leseni, tarehe za ukaguzi, faini, kufungwa, kufunguliwa. Kisha kaongee na wenye biashara, na tafadhali usiwaulize kama wametoa rushwa. Uliza mkaguzi alikuja lini mara ya mwisho, alitaka kirekebishwe nini, na walipokwama walimpigia nani simu. Swali hili la mwisho lina thamani kuliko yote. Majibu ya watu wasiojuana yakikutana kwenye jina moja la kiongozi wa chama wa kata, umeupata mlango.

Mama mmoja mwenye baa alinifungulia droo yake. Ndani mlikuwa na leseni, cheti cha afya, cheti cha zimamoto, na juu ya vyote kadi ya chama pamoja na stakabadhi za michango ya mkutano mkuu. "Mwanangu, mkaguzi akija huanza na hii ya juu," aliniambia. "Akishaiona, nyingine hazisomi." Sikuhitaji kumuuliza zaidi. Tangu hapo, kila ninapopata nafasi, naomba kuona karatasi zote pamoja, kwa mpangilio ule ule mwenyewe anaouweka.

Mwaka 1977 gazeti la Chicago Sun-Times lilishirikiana na shirika la Better Government Association kununua baa, wakaiita Mirage, waandishi wakahudumu kaunta huku wapiga picha wamejificha. Wakaguzi walichukua vijisenti wakafumbia macho kasoro za jengo, na habari zikaanza kutoka Januari 1978. Usiige mbinu hiyo. Hata wahariri wakubwa wa wakati ule waliipinga kwa sababu ya udanganyifu wake. Lakini jifunze ilichoonyesha: kiasi kinachodaiwa kila mlango ni kidogo, ndiyo maana hakuna anayepiga kelele.

Hatua inayofuata ni polisi, na hapa nenda taratibu. Weka tarehe za uhamisho wa wakuu wa vituo kando ya tarehe za uchaguzi, chaguzi za ndani za chama, na misako mikubwa. Mkuu aliyefunga kamari ya mtu fulani akahamishwa wiki chache baadaye anastahili mstari wake mwenyewe. Mwaka 1894 kamati ya Seneti ya jimbo la New York, iliyojulikana kama Kamati ya Lexow, ilimsikia kapteni wa polisi Timothy Creeden akikiri kwamba cheo chake kilinunuliwa kwa dola 15,000. Fedha kama hizo lazima zirudi, na zilirudi kutoka kwa madanguro, kamari na baa. Basi ukiona cheo kinagombewa kuliko mshahara wake unavyostahili, angalia kituo hicho kinasimamia mitaa gani.

Kumbuka pia kamati ile iliongozwa na Warepublican, wakati jiji la New York lilikuwa mikononi mwa Tammany Hall, mtandao wa Wademokrati. Kila uchunguzi una chama nyuma yake. Nia ya mchunguzi haifuti ushahidi, ila inakuonyesha maswali ambayo hakuyauliza. Yaulize wewe.

Kwenye zabuni, aliyeshinda si wa kuangaliwa sana. Tazama anayemuuzia vifaa. Tom Pendergast, aliyeliendesha jiji la Kansas City kupitia chama bila kuwa meya, alikuwa na kampuni ya zege, na zege hiyo ilimwagwa kwenye kazi za umma. Kilichomfunga mwaka 1939 ni kukwepa kodi. Na kule Palermo, Italia, Vito Ciancimino wa chama cha Demokrasia ya Kikristo aliposimamia ujenzi kati ya 1959 na 1964, zaidi ya nusu ya vibali vilitolewa kwa majina machache yaliyokuwa kivuli tu cha wajenzi wenyewe. Alihukumiwa kwa kushirikiana na mafia mwaka 1992, miongo mitatu baadaye. Kwa hiyo ukiona jina moja linajirudia kwenye vibali, nenda mpaka kwenye anwani yake. Ukikuta mzee anayeishi chumba kimoja, muulize kwa heshima kama anajua ana ghorofa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni chama kushindwa uchaguzi. Rudi kwenye mtaa wako baada ya miezi sita. Kamari zikibadili wenyewe, kinga ilikuwa mali ya chama. Zikibaki na wenyewe walewale na kilichobadilika ni mlezi tu, genge lina nguvu kuliko chama, na hiyo ni habari nzito zaidi. Zikitoweka, usishangilie, vuka mpaka wa jiji. William Dever alipochaguliwa meya wa Chicago mwaka 1923 akaanza kubana, genge la Torrio na Capone lilihamia mji jirani wa Cicero, na Aprili 1924 watu wao wenye bunduki wakazingira uchaguzi wa mji huo ili wagombea wao washinde.

Wenye vibanda waliolipa ili watoto wao wale, mimi siwahesabu wahalifu, nawe usiwahesabu. Majina yao yasikae kwenye jedwali. Wape namba, na ufunguo wa namba uwe kwenye daftari lisilotoka nyumbani. Kabla hujachapisha chochote, mpelekee kila unayemtuhumu maswali kwa maandishi, umpe siku za kutosha kujibu, na jibu lake ulitoe lote hata likikuharibia hoja.